Tonge la Kando ya Barabara

Gari lilikuwa linakwenda, na sikumwona hata mtu mmoja ndani yake aliyetaka liende. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado linanikera. Silima, mume wangu, ndiye aliyeshika usukani, lakini alikuwa anaendesha kwa sababu baba yake amekaa pembeni yake. Baba yake, Mzee Shaali, alikaa pale kwa sababu ilikuwa siku ya kupunga upepo, na baba mkwe lazima awemo. Somo wangu, Bi Mwanamvua, kungwi aliyenifunda, alikuwa nyuma pamoja nami kwa sababu bibi harusi hatoki bila somo wake. Na mimi nilikuwa mle kwa sababu bibi harusi ni mimi. Ungemuuliza yeyote kati yetu, angekuonyesha mwenzake. Hivyo gari likawa linakwenda kwa nguvu ya watu kuonyeshana vidole, na petroli kidogo.

Kwetu fungate ikiisha, bibi harusi aliyefungiwa ndani hutolewa akapunge upepo. Anapakiwa garini, anazungushwa barabara ya pwani kutwa nzima, polepole, polepole sana, maana gari likikimbia watu watasema wanamkimbiza wapi, kaiba nini. Siku hiyo mama yake mzazi husimama kando ya barabara na sahani ya wali. Gari likisimama, mama humtilia binti yake tonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Tonge moja tu. Aliyelishwa tonge lile, mlango wa kwao ni wake mpaka kufa. Akiudhiwa atarudi, akiugua atarudi, hata akitaka tu kulala mchana kwenye kitanda chake cha zamani, atarudi na hakuna wa kumuuliza umefuata nini. Asiyelishwa anakwenda kwao kama mgeni. Anabisha hodi, anavutiwa kiti, anaandaliwa chai kwenye vikombe vya kabatini, na ikifika jioni watu wanaanza kuitazama miguu yake, wanangoja iinuke.

Lakini mama haruhusiwi kupunga mkono. Haruhusiwi kuita. Na bibi harusi siku hiyo hasemi na wanaume kwa kinywa chake. Anamwambia somo, somo ndiye anayefikisha. Gari linatakiwa lisimame lenyewe. Ndivyo wanavyosema: lenyewe. Nilipokuwa mtoto nilidhani magari ya harusi yana akili.

Bahari ilikuwa mkono wa kulia, upande wa Silima na Somo. Mimi niliwekwa kushoto, dirisha la nchi kavu, eti upepo usinipige kwa fujo. Ni pwani nzuri, siwezi kusema uongo. Barabara inapanda kwenye majabali ya matumbawe, inashuka kwenye mchanga, inapita chini ya mivinje inayovuma kama mtu anayepumua usingizini, na popote ulipo bahari ipo, imelala, ina rangi ya chupa, kisha rangi ya maziwa yaliyotiwa buluu, kisha haina rangi kabisa, ni mwanga mtupu. Wanawake wa mwani walikuwa wameinama majini kwenye vigingi vyao. Kila kona Mzee Shaali aliisifu kama mtu anayeuza. Tazameni pale. Na pale, tazameni. Akasema Mungu alipofika hapa hakuwa na haraka. Somo akaitikia, Silima akaitikia. Nami nikageuza shingo nitazame, nikaona sikio la Somo, hereni yake, na kipande cha buluu kisichozidi kiganja.

Nikawaza. Nilikuwa na nafasi ya kuwaza, maana mdomo ulikuwa hauna kazi. Mtu anayekwambia tazama kule ndiye huyohuyo anayeamua usitazame wapi, na hana haja ya kukukataza, anakuonyesha uzuri tu. Uzuri unafanya kazi yote. Shingo zote zimegeuka kulia. Na kule kushoto, kwenye vumbi na vichaka na kuta za chokaa zilizomeguka, kunaweza kupita nini, kunaweza kusimama nani, nani atajua? Mimi niliishia darasa la saba, sikufundishwa mambo ya nani anatawala na kwa nini. Lakini nilijifunza mengi kwa kukaa dirisha la upande usiosifiwa.

Ndipo kwenye kona nikamwona mama.

Alikuwa kama nilivyomwacha, uzito wote kauweka mguu mmoja kwa sababu ya goti. Sahani kaishika kwa mikono miwili, kaifunika kawa ya ukindu ile iliyochanika ukingo. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye magurudumu. Alikuwa anayangoja yasimame.

Nikamwambia Somo kwa sauti ya chini, mama yule pale, mwambie Silima asimame. Somo akakohoa, akaweka sawa ushungi wake, akasema mbele, "Bibi harusi anasema upepo wa huku ni mwanana."

"Mwanana kweli," Mzee Shaali akasema. "Ahsante, mwanangu."

Na gari likampita mama. Lilimpita kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Niliona milia ya kanga yake mmoja mmoja. Niliona nzi kwenye kawa, na kidole cha mama kikimfukuza. Kisha nikaona kioo cha nyuma, na vumbi.

Nilimgeukia Somo kwa hasira niliyoitafuna kwanza ili isitoke na sauti. Nikamuuliza nimesema upepo saa ngapi. Akanijibu kwa kunong'ona, kwa upole ule wa mtu anayemfunga mtoto kitambaa, kwamba bibi harusi hasemi simama. Akisema simama ni kama kasema garini hamna raha, na garini kukikosa raha nyumbani itakuwaje, na hapo keshawavua nguo wakwe zake barabarani. Kwa hiyo ombi linageuzwa sifa. Ndiyo kazi ya somo. Tangu zamani bibi harusi akisifu upepo, wanaume wanajua: kaona mtu wake, simamisha. Nikamwambia hawa hawakujua. Akasema watajua, tena akasema, "Una haraka gani, Mize, umekalia moto?"

Hapo ndipo uchungu wangu ulipoanzia, na nataka uelewe ulivyo. Hakuna aliyenikatalia. Ningekataliwa, ningejua pa kugonga. Neno langu lilitoka kwangu likiwa ombi, likafika mbele likiwa zawadi, na wao wakaipokea, wakashukuru. Utamlaumuje mtu aliyekwambia ahsante?

Gari lilisimama. Naam, lilikuwa na breki, usidhani halina. Lilisimama kwa ajili ya mbuzi waliolala katikati ya njia. Lilisimama Mzee Shaali aliposhikwa na haja ndogo, akaenda nyuma ya mti wa mkadi, tukangoja. Lilisimama juu ya jabali moja refu ambapo wanaume wote wawili walishuka, wakaweka mikono kiunoni, na Mzee Shaali akamweleza mwanawe ile bahari kama mtu anayemkabidhi shamba: mpaka wetu ni pale, kule panaanza mkondo. Silima akaniletea dirishani konzi ya kokoto nyeupe nizione. Alitabasamu. Ni kijana mzuri, Silima, sina ugomvi naye, alininyooshea mkono umejaa kokoto na nikazitazama, na nyuma ya mabega yake, kwenye kona inayofuata, mbali kidogo, mama alikuwa amekwisha kusimama.

Nilimwonyesha Somo. Somo akaona, najua aliona, macho yake yalitua pale yakaondoka kama nzi. Akamwambia Silima kwamba bibi harusi anasema kokoto zinang'ara. Silima akafurahi. Wakapanda, tukaondoka.

Safari hii mama hakuwa na goti bovu. Alisimama wima. Nywele zilizochungulia chini ya kanga zilikuwa nyeusi, na gauni lake lilikuwa lile la maua ya kahawia nililokuwa nikifuta nalo pua. Lile gauni lilikwisha kuwa madekio nilipokuwa darasa la tano. Nikalitazama likiwa zima, lina mikono, lina vifungo. Sikushangaa kama inavyopasa. Kwenye gari lile kushangaa kungehitaji kupitia kwa Somo.

Nilisema mara hii nigeuze mimi mwenyewe sifa. Kama lugha yao ni hiyo, niiseme vizuri. Nikamnong'oneza Somo: sema bibi harusi anausifu upepo wa upande wa kushoto. Somo akanitazama kwa heshima kidogo, kama fundi anayemwona mwanafunzi kashika nyundo. Akasema.

Mzee Shaali akatafakari. "Kushoto hakuna upepo," akasema. "Kushoto kuna nchi."

Tukapita.

Naomba nisimame hapa, maana kwenye maandishi naweza. Nani mwenye breki? Niliuliza hili siku ile nzima, kwa kupitia kwa Somo, kwa kila namna ya kuzunguka. Jibu la Silima lilikuwa kwamba yeye mguu wake upo kwenye breki lakini safari ni ya mzee. Jibu la mzee lilikuwa kwamba yeye kaalikwa tu, safari ni ya maharusi, wao wakifurahi yeye karidhika. Somo akasema yeye ni mdomo, mdomo haukanyagi breki. Nilitafuta mtu wa kumchukia nikakosa. Walikuwa watu wanne wapole kwenye gari dogo la rangi ya maziwa, wanagawana maji ya chupa moja, mmoja wao ni mimi, na katikati yetu kulikuwa na kitu cha tano kinachoamua, hakina kiti, hakili, hakishuki kwenda haja. Kila mmoja alikitii akidhani ni cha mwenzake. Labda ndivyo nguvu zote zilivyo. Labda hata huko kwa wakubwa, ukivua kofia moja unakuta mtu anakuonyesha kofia ya pili, na ukifika kofia ya mwisho unakuta kiti kitupu, kimepigwa rangi vizuri, na watu wamesimama mbele yake wanaogopa kukaa.

Au labda najifariji. Labda kila mmoja alikuwa nacho kipande cha breki na alikificha chini ya paja.

Nikaanza kutazama visogo vyao, kwa kuwa ndicho kitu nilichopewa kutazama. Asubuhi kisogo cha Silima kilikuwa kimenyolewa upya, kina harufu ya poda ya kinyozi. Tulipopita mabwawa ya chumvi kilikuwa na mvi. Cha Mzee Shaali, kilichokuwa na mikunjo kama karatasi iliyofinywa, kilinyooka, kikatoka harufu ya poda. Tulipoteremka tena kwenye mchanga vilikuwa sawasawa. Nilishindwa kusema mume wangu ni yupi. Mmoja alisema tazama pale, mwingine akasema naam, kisha yule wa naam akasema tazama pale. Nikamuuliza Somo kama anaona. Akasema mbona ndivyo siku zote, ukizoea utawatofautisha kwa kikohozi.

Basi mama akatokea tena, na hapa moyo ulinishuka hadi kwenye zulia la gari.

Alikuwa na mimba. Sahani kaiegemeza juu ya tumbo kama mezani. Uso wake ulikuwa umejaa, umeng'aa, una vile vidoa vya shavuni ambavyo shangazi aliniambia mama alivipata kwa ajili yangu, vikaondoka nilipozaliwa. Mtoto wake ni mmoja, ni mimi. Kwa hiyo mle tumboni nilikuwa mimi. Nilikuwa pale kando ya barabara, nimelala kichwa chini gizani, na nilikuwa hapa garini nina hina hadi kwenye viwiko, na mimi wa garini nikampita mimi wa tumboni bila hata kusema salamu.

Ndipo nilipofahamu hesabu inavyokwenda. Kila tukimpita, mama anapungua. Tukimpita tena atakuwa hajanichukua. Tonge la siku hii linatakiwa kutoka mkono wa mama, na tulikuwa tunaelekea, kwa mwendo huu wa adabu, mahali ambapo yeye si mama wa mtu. Nisingepoteza mlango wa kwetu tu. Kungekuwa hakuna kwetu.

Nilimshika Somo mkono kwa nguvu hadi bangili zikalia. Nikamwambia yote. Nikamwambia asigeuze, asipambe, aseme simama, neno moja, kama anavyomwambia kuku toka. Somo Mwanamvua alitazama mapaja yake. Ni mwanamke mnene, mcheshi, kawatoa wanawali wengi mjini, wanampenda kwa mizaha yake. Asubuhi tu alimwambia Silima unaendesha kama umebeba mayai, kumbe mayai yenyewe unayo wewe. Sasa mzaha ulimtoka usoni wote.

"Gari langu halikusimama," akasema. "Nilimwona mama kwenye kona saba, nane, sijui. Somo wangu akasifu upepo mpaka sauti ikamkauka. Nikasema basi. Nimekufa? Kwetu nakwenda. Wananipa kiti."

Nikamwambia mimi sitaki kiti.

"Hata mimi sikutaka kiti, Mize."

Akaupangusa uso kwa ncha ya ushungi, akakohoa, akainamia mbele. Nikadhani sasa. Nikaona shingo yake inakaza kama ya mtu anayenyanyua ndoo. Akafungua mdomo na kilichotoka ni kwamba bibi harusi anasema hajapata kuona siku nzuri kama hii. Akarudi kuegemea. Hakunitazama. Nikajua kwamba hakunisaliti. Alilisema neno simama ndani yake, likapita kwenye njia ambayo maneno yake hupita, na njia ile ina umbo moja tu.

Kona iliyofuata mama alikuwa msichana wa rika langu, mwembamba, hana mume, hana vidoa. Alipiga miayo. Nilikipumulia kioo ili nifute vumbi nimwone vizuri, na pumzi yangu haikuacha ukungu.

Nikasema kwa kinywa changu. Nilifanya lile lisilofanywa. Niliinama kati ya viti viwili, usoni kwa mmoja na usoni kwa mwingine, na nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi:

"Silima. Simamisha gari. Nataka kushuka kwa mama yangu."

Mivinje ilivuma. Yule aliyeshika usukani akaniangalia kwenye kioo, akaniangalia hasa, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Niliona kwamba amesikia kuna sauti. Alikunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine, akiona kuna taarifa lakini haijui. Kisha akasema, kwa wema kabisa:

"Somo, anasemaje?"

Na Somo, Mungu amsamehe, kwa mazoea tu, kabla hajajua kama amefungua mdomo, akasema, "Anasema bahari imetulia."

"Imetulia," wakasema wote wawili.

Nilirudi kwenye kiti changu. Nilicheka kidogo, kicheko kibaya. Unaweza kuvunja mwiko na mwiko usivunjike. Unaweza kupiga kelele na kelele yako ikapokelewa mlangoni, ikavuliwa viatu, ikakaribishwa sebuleni ikiwa kitu kingine. Nilikuwa nimeweka akiba ya lile neno siku nzima, nikiliogopa, nikidhani nikilisema dunia itapasuka. Nimelisema. Tazama, bahari imetulia.

Nje ya dirisha langu mwanamke mmoja alikuwa anatembea. Alibeba gunia la mwani kichwani, linachuruzika maji. Alikuwa anakwenda tuendako, kwa miguu, na alikuwa anatupita. Alitupita bila kuharakisha. Nilimtazama hadi akatangulia mbele ya taa za gari, gunia linadondosha maji njia nzima, akakunja kona, akapotea. Alitushinda mwendo mtu mwenye mzigo wa mwani mbichi.

Nikalitazama hili jambo na nikaona aibu kubwa, aibu ya kuchoma masikio. Kutwa nzima nimekaa nangoja gari lisimame ndipo nishuke. Nani aliniambia mtu hushuka kwenye gari lililosimama tu? Hakuna. Hakuna aliyeniambia. Na mlango je, nani aliniambia umefungwa? Nikaweka mkono kwenye kitasa. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nikakivuta, mlango ukafunguka kwa urahisi wa kuudhi, wala haukulia. Nikatoa mguu mmoja nikaiona barabara inapita chini yangu taratibu kama mtu anayevuta mkeka. Nikatoa wa pili. Nikawa nje, natembea.

Gari liliendelea. Mlango ulijifunga wenyewe kwa upepo, ule upepo mwanana. Nikasikia sauti ya Mzee Shaali, au ya mwanawe, ikiuliza bibi harusi anaonaje ile miamba, na sauti ya Somo ikijibu, kwa niaba ya kiti kitupu, kwamba bibi harusi anaona ni miamba ya ajabu.

Mama alikuwa kwenye kona. Alikuwa mtoto mdogo.

Alikuwa na umri wa kutumwa dukani na kusahau alichotumwa. Kanga ilikuwa ya mtu mzima, imemzunguka mara nyingi, na sahani ilikuwa nzito kwake, kaikumbatia kifuani na kawa imepanda hadi kidevuni. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele yake. Nikatafuta uso wa mama nikauona, pale kwenye nyusi, pale anapokunja mdomo akiwa hamwamini mtu.

Akaniuliza mimi nani. Nikamwambia naitwa Mize. Akasema yeye Mboni, na kwamba hataki kuongea na mtu asiyemjua, ana kazi. Nikamwambia kazi yako ni mimi, mimi ndiye bibi harusi, huo wali ni wangu. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni yenye vumbi.

"Bibi harusi yumo garini," akasema. "Nimeambiwa gari lisimame lenyewe. Halijasimama."

Nilimbembeleza. Nilimwambia tonge moja tu, dogo kama la paka. Akaikumbatia sahani zaidi. Nikamwambia gari halitasimama, mama, halitasimama kamwe, nimekaa ndani yake nalijua. Akakasirika nilipomwita mama. Akasema yeye si mama wa mtu. Hasira zangu zote za siku nzima, ambazo hazikupata mtu kule garini, zilimpata mtoto huyu, na nilinyoosha mkono nimpokonye sahani, nilinyoosha kweli, vidole viligusa kawa. Hakulia. Alisimama vilevile, amekaza miguu, kama alivyosimama mwanamke mwenye goti bovu kule kona ya kwanza. Alikuwa anaitunza haki yangu dhidi yangu. Nikaurudisha mkono.

Nikakaa chini kando yake. Sikuwa na la kufanya tena. Nilitazama mikono yangu nikaona hina imepauka na chini ya hina ngozi imepauka pia, na kupitia kwenye kiganja niliona, si kwa uwazi sana, kokoto za barabara. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaiona bahari nzima. Nilikuwa sina hamu nayo.

Kisha nikasikia gari.

Lilikuwa linarudi kinyumenyume. Gari la kupunga upepo halirudi nyuma, halijapata kurudi, lakini lilikuwa linarudi, injini inalia kwa sauti nyembamba, linayumba kulia na kushoto kama halijui njia ya namna hiyo. Lilikuja mpaka mbele yetu. Likasimama.

Milango ya mbele ikafunguka. Wakashuka wote wawili, wenye kisogo kimoja.

"Nani kakwambia usimame?" mmoja akauliza.

"Si wewe?"

"Mimi nimesema saa ngapi?"

Wakageuka kwa pamoja wakamtazama Somo Mwanamvua kwenye kiti cha nyuma. Somo alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeungua, au aliyemgusa mwenzake begani bila ruhusa. Hakusema upepo. Hakusema miamba. Alitazama nje, upande wa kushoto.

Mboni akainua kidevu juu ya kawa akayatazama magurudumu. Aliyatazama moja baada ya jingine mpaka akaridhika kwamba hakuna linalozunguka.

"Limesimama," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Akaweka sahani chini, akafunua. Wali ulikuwa umepoa, tui limeganda pembeni, na kipande cha samaki kilikuwa kimegeuka rangi. Akaufinya kwa kiganja kile kidogo. Tonge la kwanza lilivunjika likamwagika kwenye vumbi. La pili pia. Mmoja wa wanaume akapiga hatua mbele, akasema tunachelewa, tuna safari ndefu, akaniuliza nimeshukia nini bila kuaga, na kwa nini nimekaa chini kama sina kwetu. Akangoja. Mboni alikuwa ametoa ulimi pembeni kwa bidii, anafinya la tatu, ameliinua, limeshika.

Nikafungua mdomo. Mkono wake ulinuka samaki na moshi.

Yule mwanaume akageukia gari. "Somo," akasema, "anasemaje?"

Bi Mwanamvua alishusha kioo hadi mwisho kabla ya kumjibu.

"Hasemi," akasema. "Anakula kwa mama yake."